Alikufa kwa ugonjwa au kwa kazi? Uchambuzi wa kisa cha Clover Clayton, 1910

Mfanyakazi mmoja nchini Uingereza alikuwa anakaza nati kwa spana. Hakuna kilichovunjika, hakuna kilichomwangukia, wala hakuteleza. Ilikuwa kazi yake ya kawaida, na aliifanya kwa namna ya kawaida. Ghafla akaanguka, akafa. Maiti ilipochunguzwa ilionekana kwamba aota, yaani mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, ilikuwa imepasuka. Nayo haikupasuka ikiwa nzima. Ilikuwa na anurizimu kubwa: ukuta wa mshipa ulikuwa umedhoofika na kutuna kwa muda mrefu kabla ya siku ile.

Dai la fidia likafunguliwa. Mwajiri, kampuni ya Clover, Clayton, alilipinga kwa hoja ambayo mpaka leo ndiyo ya kwanza kutolewa katika kila dai la moyo: huyu alikuwa mgonjwa, ugonjwa ndio uliomuua, na kuwa na spana mkononi wakati huo ni sadfa tu. Kesi ilianzia mahakama ya chini, ikapita Mahakama ya Rufaa, ikamalizikia Baraza la Malodi, ambalo wakati huo lilikuwa mahakama ya juu kabisa ya nchi. Hukumu ilitolewa mwaka 1910, na wadai walishinda kwa sauti tatu dhidi ya mbili.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu ni kigumu mno kwa upande wa mdai. Ugonjwa ulikuwa mkubwa, jitihada ilikuwa ndogo, na ajali haionekani kwa macho. Ukielewa kwa nini kilishinda, utaelewa kwa nini madai mengi yenye nguvu kuliko hilo yanashindwa.

Sheria iliyotumika ilikuwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 1906. Iliahidi fidia pale mfanyakazi anapopata jeraha la mwili kwa ajali iliyotokana na kazi na iliyotokea wakati wa kazi. Kwa mfanyakazi aliyekufa na kuacha watu waliomtegemea kabisa, malipo yalikuwa sawa na mapato yake ya miaka 3 au pauni 150, kutegemea kipi kikubwa, lakini yasizidi pauni 300. Dai lilipaswa kufunguliwa ndani ya miezi 6 tangu kifo.

Kwamba kifo kilitokea wakati wa kazi, hilo halikuwa na ugomvi. Ugomvi ulikuwa mahali pawili. Je, kuna ajali hapa? Na kama ipo, je, ilitokana na kazi?

Swali la kwanza lilikuwa limekwisha kufunguliwa njia mwaka 1903, katika kesi ya Fenton dhidi ya Thorley. Mfanyakazi alijikakamua kuzungusha gurudumu la mashine, akapata ngiri. Mahakama zilizotangulia zilikuwa zikisema kwamba mtu anayefanya kazi yake kama kawaida kisha akaumia ndani ya mwili hajapata ajali, kwa sababu hakuna tukio lililotoka nje na kumpiga. Baraza la Malodi likalikataa wazo hilo. Lord Macnaghten, mmoja wa majaji wake, alieleza kwamba ajali, kwa maana ya sheria hii, ni jambo baya lisilotarajiwa wala kukusudiwa. Si lazima mashine ivunjike. Mwili wa mfanyakazi nao unaweza kuvunjika, na kuvunjika huko ndiko ajali yenyewe. Macnaghten huyohuyo ndiye aliyekuwa miongoni mwa watatu waliotoa ushindi mwaka 1910.

Swali la pili ndilo moyo wa kisa.

Mbele ya jaji wa mahakama ya chini madaktari hawakukubaliana, jambo ambalo halitamshangaza yeyote aliyewahi kusoma faili la dai la namna hii. Jaji aliwasikiliza, kisha akaandika matokeo ambayo kwa mtazamo wa haraka yanapingana. Alikubali kwamba anurizimu ilikuwa imefikia hali mbaya kiasi kwamba ingeweza kupasuka hata mtu huyo akiwa usingizini, na kwamba jitihada ndogo sana ingetosha kuipasua. Lakini akaona pia kwamba, kwa kweli, kilichoipasua siku ile ni mkazo uliotokana na kazi ya kawaida, ukifanya kazi juu ya mwili ambao hali yake iliufanya mkazo huo uwe wa kuua.

Sentensi hizo mbili zinaweza kuwa kweli kwa pamoja. Kwamba mshipa ungeweza kupasuka usiku kitandani ni habari ya kitu ambacho kingetokea. Kwamba ulipasuka wakati mkono unavuta spana ni habari ya kitu kilichotokea. Wasimamizi wengi wa madai, na madaktari wengi wanaoandika ripoti, wanachanganya mambo haya. Daktari anaandika kwamba mgonjwa alikuwa na mishipa ya moyo iliyoziba na angeweza kupata mshtuko wa moyo wakati wowote, kisha anaishia hapo kana kwamba amejibu swali. Hajalijibu. Ameeleza hatari aliyokuwa nayo mgonjwa. Bado hajasema kilichoigeuza hatari hiyo kuwa tukio, saa ile, mahali pale.

Lord Loreburn, aliyeandika upande wa walio wengi, aliliweka swali kwa ufupi ambao haujapata mpinzani. Ukilitazama jambo kwa upana wake, bila kuzama katika dhana za kubahatisha, je, mtu huyu alikufa kwa ugonjwa peke yake, au kwa ugonjwa na kazi vikishirikiana? Je, kazi aliyokuwa akiifanya ilichangia kwa kiasi cha maana? Akaongeza jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote: ajali inatokana na kazi pale ambapo nguvu inayodaiwa na kazi inamzidi mtu anayeifanya, iwe nguvu hiyo ni ndogo au kubwa, awe mtu huyo ni mzima au mgonjwa. Sheria haikuandikwa kwa ajili ya wafanyakazi wenye afya njema tu. Mwajiri humpokea mfanyakazi na mwili wake alionao.

Wawili waliopinga, Lord Atkinson na Lord Shaw, hawakuwa watu wa kupuuzwa. Hofu yao inaeleweka. Ikiwa jitihada ya kawaida kabisa inatosha, basi karibu kila mgonjwa wa moyo atakayefia kazini atakuwa amekufa kwa ajali, kwa sababu hakuna kazi isiyodai jitihada yoyote. Mfuko wa fidia utageuka bima ya maisha, na neno ajali litabaki bila maana. Hofu hiyo ndiyo iliyozaa masharti magumu zaidi katika nchi nyingine, kama tutakavyoona. Hata hivyo naamini waliosema ndiyo walikuwa na haki, kwa sababu kipimo chao hakimpi ushindi kila anayefia kazini. Kinadai kazi iwe imechangia, na kuchangia kunapaswa kuthibitishwa.

Kwa upande wa mwili, hoja ya mkazo si ya kubuni. Mtu anayekaza nati hubana pumzi, na misuli ya mikono, kifua na tumbo hukazika bila kusogea sana. Juhudi ya namna hiyo hupandisha shinikizo la damu kwa haraka, na hupanda wakati uleule wa kuvuta, si saa tatu baadaye. Ukuta wa aota uliotuna na kuwa mwembamba hupokea shinikizo hilo lote. Kwa mshtuko wa moyo wa kawaida njia ni tofauti kidogo: utando wa mafuta ndani ya mshipa wa moyo hupasuka, damu huganda juu yake, mshipa huziba. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1993 ulionyesha kwamba ndani ya saa moja baada ya juhudi nzito ya mwili, uwezekano wa mshtuko wa moyo ulipanda karibu mara 6. Kwa watu waliozoea mazoezi mara 5 au zaidi kwa wiki ulipanda mara 2.4 tu. Kwa wale ambao kwa kawaida hufanya juhudi kama hiyo chini ya mara moja kwa wiki, ulipanda zaidi ya mara 100.

Takwimu hizo zina matokeo katika madai ambayo watu hawayategemei. Karani aliyeambiwa asaidie kuhamisha makabati ghorofa ya tatu anaweza kuwa na dai lenye nguvu kuliko mchukuzi aliyebeba mizigo miaka 20. Kwa hiyo swali la kumuuliza mdai si uzito wa mzigo peke yake. Muulize pia kama aliuzoea.

Sasa turudi kwenye kesi, maana kuna jambo linalopita bila kuonekana mtu anaposoma hukumu ya juu tu. Mwajiri hakushindwa kesi hii katika Baraza la Malodi. Alishindwa pale mwanzo, mbele ya jaji wa chini. Mahakama za juu hazikusikiliza madaktari upya. Zilijiuliza tu kama ushahidi uliokuwa mbele ya jaji wa chini uliweza kubeba uamuzi wake. Zikaona uliweza. Uchunguzi wa maiti ulikuwa umefanyika. Ilijulikana kwamba saa ya kuanguka alikuwa anakaza nati, tena kwa spana. Vitu hivyo viwili, kilichoonekana ndani ya kifua na kilichokuwa kikifanywa na mikono, ndivyo vilivyoshikilia dai mpaka mwisho. Ondoa kimoja, kisa kizima kinaporomoka.

Tumhamishe mfanyakazi huyu kwenye karakana ya leo, tudhani ameanguka lakini amefikishwa hospitali akiwa hai kwa saa chache. Cha kwanza ninachokitaka ni maelezo ya wenzake, yaandikwe siku hiyohiyo, kwa maneno yao. Alikuwa anafanya nini dakika 10 kabla? Nati ilikuwa imeshika? Alivuta mara ngapi, kwa mikono miwili au mmoja? Alisimama wima au amejikunja? Alilalamika kifua, mkono, taya, pumzi? Ripoti ya msimamizi wa zamu inayosema tu "alianguka ghafla akiwa kazini" imemnyima mjane kila kitu, hata kama aliyeiandika hakuwa na nia mbaya.

Cha pili ni damu. Troponini, protini inayovuja kutoka kwenye misuli ya moyo iliyoumia, huanza kupanda ndani ya saa chache, hufikia kilele baada ya saa 12 hadi 24 hivi, na hubaki juu kwa siku kadhaa. Vipimo vilivyorudiwa kwa saa zinazojulikana vinasaidia kukadiria madhara yalianza lini. Hii inakata pande zote mbili. Kama sampuli iliyochukuliwa nusu saa baada ya kuanguka tayari iko juu sana, basi moyo ulianza kuumia mapema, pengine nyumbani alfajiri. Dai halijafa hapo, ila linabadilika: sasa swali ni kama alikuja kazini akiwa na maumivu na kazi ikamzidishia, au kama alizuiwa kuondoka kwenda kutibiwa.

Kama karakana ilikuwa na injini zinazowaka ndani, majiko au kulehemu katika sehemu isiyopitisha hewa, kuna kipimo kimoja kinachosahaulika sana: kiwango cha kaboni monoksaidi katika damu. Gesi hii huchukua nafasi ya oksijeni, na moyo wenye mishipa iliyobanwa ndio wa kwanza kuteseka. Kwa mtu anayevuta hewa ya kawaida, nusu yake hutoka mwilini kwa takriban saa 4 hadi 6. Akiwekewa oksijeni hospitalini, muda huo hushuka hadi saa moja au moja na nusu. Anayesubiri mpaka kesho yake ndipo aombe kipimo hatapata chochote, na ushahidi huo haurudi tena. Kemikali nyingine zenye historia ndefu ya kuumiza moyo ni kaboni disalfaidi, iliyotumika sana katika viwanda vya nyuzi za viskosi, na nitrogliserini katika viwanda vya baruti. Wafanyakazi wa nitrogliserini walijulikana kwa kupata maumivu ya kifua, na hata kufa ghafla, baada ya mapumziko ya mwisho wa wiki: mishipa iliyozoea kutanuliwa na kemikali hujibana inapoikosa. Hapo mtu anafia nyumbani Jumapili, na bado chanzo ni kazi.

Uchunguzi wa maiti ni jambo gumu kulisema mbele ya familia iliyofiwa, na sitaki kulifanya jepesi. Wengi wanataka kuzika haraka, na wana sababu zao za heshima. Lakini wanapaswa kuambiwa waziwazi, kabla ya kuamua, kwamba bila uchunguzi huo cheti kitaandikwa "moyo kusimama", na moyo husimama kwa kila anayekufa. Maneno hayo hayasemi kama ni aota, mshipa wa moyo, donge la damu kwenye mapafu au kiharusi. Mwambie mtu ukweli huo kwa upole, umwachie aamue.

Faili la matibabu la zamani familia nyingi hulificha, zikidhani presha au kisukari kitaua dai. Nadhani hilo ni kosa kubwa. Mwajiri au bima yake atalipata, na kilichofichwa kitaonekana kama uongo. Tena faili hilo mara nyingi humsaidia mdai: likionyesha kwamba mgonjwa alikuwa ametulia kwa miaka, akitumia dawa, akipanda ngazi bila shida mwezi uliopita, basi mabadiliko ya ghafla siku ya kazi nzito yanatafuta maelezo, na kazi ndiyo iliyo karibu.

Kisa chetu kingehukumiwaje mahali pengine? Katika baadhi ya majimbo ya Marekani mtu mwenye ugonjwa wa moyo wa awali hutakiwa kuonyesha kwamba juhudi ya kazi ilizidi ile ya maisha ya kawaida nje ya kazi, au hata ilizidi ile ya kazi yake ya kila siku. Kwa kipimo hicho kigumu, mkaza nati wetu angeweza kupoteza. Ndiyo hofu ya Atkinson na Shaw iliyogeuzwa kuwa kanuni. Kwa wazimamoto mambo yamegeuzwa: majimbo mengi, California ikiwemo, yana dhana ya kisheria kwamba ugonjwa wa moyo wa mzimamoto umetokana na kazi mpaka mwajiri athibitishe vinginevyo. Sababu ipo. Utafiti wa mwaka 2007 ulikuta kwamba ugonjwa wa moyo husababisha asilimia 45 ya vifo vya wazimamoto wa Marekani wakiwa kazini. Kuzima moto kwenyewe huchukua asilimia 1 hadi 5 tu ya muda wao, lakini karibu theluthi moja ya vifo hivyo vya moyo hutokea katika muda huo mfupi.

Japani inatazama mbali zaidi ya dakika za mwisho. Miongozo yake huhesabu saa za ziada: zaidi ya saa 100 katika mwezi mmoja kabla ya tukio, au wastani wa zaidi ya 80 kwa mwezi katika miezi 2 hadi 6, huonyesha uhusiano mkubwa kati ya kazi na ugonjwa wa moyo au kiharusi. Mwaka 2021 iliongezwa kwamba hata asiyefikia saa hizo anaweza kufikiriwa kama mizigo mingine ya kazi ilikuwa mizito, kwa mfano mapumziko mafupi mno kati ya zamu na zamu. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio ya pamoja: kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kulihusishwa na vifo 745,000 vya kiharusi na ugonjwa wa moyo katika mwaka 2016. Kwa hiyo leo ningeomba pia daftari la mahudhurio la mkaza nati, la miezi 6 nyuma. Huenda spana ilikuwa tone la mwisho tu.

Na kiasi cha malipo? Chini ya sheria ya 1906 hakukuwa na kugawa: kazi ikichangia, wategemezi wanapata stahili yao yote. Siku hizi baadhi ya mifumo hupunguza malipo kwa sehemu inayohesabiwa kuwa ya ugonjwa wa awali. Hapo ugomvi unahamia kwenye asilimia, na mdai anahitaji daktari anayeweza kueleza asilimia yake ameipataje, badala ya kuitaja tu.

Nimejaribu kubadilisha kitu kimoja kimoja katika kisa hiki nione kingegeukia wapi. Kama angekuwa ameketi akisubiri filimbi ya kuanza kazi, nadhani angeshindwa, na ingekuwa sawa. Kazi isingekuwa imeongeza chochote. Kama angeanguka robo saa baada ya kumaliza kukaza, dai lingebaki hai, ila lingetegemea sana dalili: aliendelea vizuri katikati, au alikuwa tayari ameshika kifua? Linalonisumbua zaidi ni hali ya tatu, nayo hutokea mara nyingi: kama angekuwa peke yake zamu ya usiku, akakutwa asubuhi sakafuni, spana kando yake. Baadhi ya mifumo ya sheria humsaidia mtu kama huyo kwa kudhani kwamba kifo kisicho na maelezo kilichotokea mahali pa kazi wakati wa kazi kimetokana na kazi, ingawa dhana hiyo huweza kuvunjwa na ripoti ya daktari inayotaja ugonjwa tu. Mahali ambapo dhana hiyo haipo, kilichobaki ni nati: ilikuwa imekazwa mpaka wapi, na nani aliipima kabla zamu ya asubuhi haijaendelea nayo.